Bei ya Neno "Nimepata"

Mnara wa simu ulio karibu nawe umepangwa ukosee. Katika mitandao ya 4G na 5G, wahandisi kwa kawaida huuwekea lengo hili: katika kila mafungu kumi ya data ambayo mnara unaipelekea simu, moja hivi lifike mara ya kwanza likiwa halisomeki. Hakuna hujuma hapo. Mnara huchagua kasi ya kutuma kwa kutegemea taarifa ambazo simu huupa kuhusu hali ya mawimbi, na ukiona kila fungu linafika salama hujua kwamba unajinyima: ungeweza kubana biti nyingi zaidi katika kipande kilekile cha muda na masafa. Mchuuzi wa maandazi ambaye sinia lake huwa tupu kila siku ifikapo saa moja asubuhi hana la kujisifia. Alikaanga machache, na waliokuja saa mbili wameondoka na njaa. Lile fungu moja kati ya kumi ni maandazi mawili matatu yanayobaki kwenye sinia.

Ila hesabu hiyo inakubalika kwa sharti kwamba kurudia kuwe rahisi. Mnara lazima ujue haraka, kwa gharama ndogo na bila kudanganyika, ni fungu lipi limeharibika. Hapo ndipo linapoingia neno fupi kuliko yote katika mazungumzo ya simu na mnara, neno la biti moja: nimepata, au sijapata. Tunapozungumzia kasi ya mtandao huwa tunahesabu kinachoshuka kutoka mnarani, mabango ya matangazo nayo hufanya hivyohivyo. Mimi naona kipimo cha kweli kiko upande wa pili. Vyote vinavyoshuka vinasubiri sauti nyembamba inayopanda kutoka mfukoni mwa mtu, na sehemu kubwa ya ufundi wa miaka hamsini iliyopita imekuwa ni kuibana sauti hiyo iseme mengi kwa nguvu kidogo, au kutafuta namna ya kuishi bila kuisikia.

Kwetu pwani mtoto akiitwa huitikia, wa kiume "naam", wa kike "abee". Asipoitikia mama haendelei na habari. Anaita tena, na safari hii kwa sauti ya juu. Mtambaji wa ngano naye hasogei mpaka "Paukwa!" yake imejibiwa "Pakawa!". Redio za data zilianza na adabu hiyohiyo. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii, chini ya Norman Abramson, kilianza kuendesha mtandao wa redio wa kuunganisha vituo vya visiwani na kompyuta kuu, ukaitwa ALOHAnet. Kila kituo kilirusha pakiti yake bila kuomba zamu. Pakiti mbili zikigongana hewani, hakuna aliyeambiwa. Mtumaji alisubiri jibu, na lisipokuja alingoja muda wa kubahatisha kisha akarusha tena. Kwa mpango huo njia haiwezi kutumika zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake, kwa sababu muda mwingi unaliwa na migongano. Kulikuwa na busara moja pale ambayo haijazeeka: majibu yalirudi kwa masafa mengine, mbali na vurugu ya watumaji. Kuanzia hapo mtu aliyebuni mtandao wa simu bila kulitafutia jibu njia yake amejutia.

Ubaya wa kuitikia ni kusubiri. Chukua 4G ile inayotumia masafa mawili, moja la kushuka na jingine la kupanda. Fungu la data huchukua milisekunde 1. Simu hulichambua na kujibu milisekunde 4 baada ya kuanza kulipokea, na mnara ukilazimika kurudia, marudio hutoka mapema kabisa milisekunde 8 baada ya fungu la kwanza. Kama mnara ungekaa kimya ukisubiri, ungefanya kazi milisekunde moja katika kila nane. Kwa hiyo huendesha mazungumzo manane kwa zamu, kila moja na jibu lake, kama mama lishe mwenye majiko manane: akimaliza kuwasha la nane, la kwanza limechemka. 5G imepandisha idadi hadi 16. Simu nazo zimeharakishwa. Katika mpangilio wa kawaida wa 5G, simu inapewa takribani theluthi moja ya milisekunde kati ya kumaliza kupokea na kuanza kujibu, pale ambapo 4G iliipa karibu milisekunde 3. Mtu anayelalamika kuwa simu za siku hizi zinakula chaji haraka ajue kuwa haraka hiyo ya kujibu nayo ina sehemu yake.

Jambo lililobadilisha kabisa thamani ya marudio ni kuacha kutupa kilichosikika nusu. Zamani pakiti mbovu ilikuwa takataka: mpokeaji aliitupa akaomba nyingine nzima. Lakini fikiria mjomba anakupigia kutoka mahali penye upepo. Mara ya kwanza unasikia "nitafika ... saa kumi ... mje wawili". Unamwomba arudie, unasikia "... Ijumaa ... stendi, mje ...". Hakuna mara uliyomsikia kikamilifu, na bado unajua siku, saa, mahali na idadi ya watu wa kubeba mizigo. Mwaka 1985 David Chase alionyesha kihesabu jinsi ya kuunganisha nakala za namna hiyo kwa kuipa kila moja uzito kulingana na ubora wake. Nakala mbili zilizo sawa ni kama mtumaji aliyeongeza nguvu mara mbili.

Kuna njia ya ujanja zaidi. Data haisafiri peke yake. Hufuatana na biti za ziada za kusahihishia makosa. Mara ya kwanza mnara hutuma data pamoja na biti chache tu za ziada. Simu ikisema "sijapata", mnara hautumi kilekile: hutuma sehemu nyingine ya biti za ziada ambazo uliziweka kando. Mwalimu mzuri hufanya hivyo darasani, mwanafunzi asipoelewa anabadilisha mfano badala ya kupandisha sauti. Mandelbaum aliliandika wazo hilo mwaka 1974, likakaa kwenye vitabu kwa miaka mingi, kisha likatumika katika EDGE, ile herufi E iliyokuwa ikitokea juu ya skrini za simu zetu kabla ya 3G kuenea. Leo ndiyo desturi ya 4G na 5G, na wahandisi huiita HARQ.

Tazama linavyofanya kazi barabarani. Abiria wa bodaboda inayokwenda kilomita 60 kwa saa husogea sentimita 13 katika zile milisekunde 8 za kusubiri marudio. Katika masafa ya megahezi 1,800 urefu wa wimbi moja ni sentimita 17 hivi. Maana yake, kati ya fungu la kwanza na marudio yake, simu imeshaondoka kwenye kishimo cha mawimbi ilimokuwa na pengine imepanda kilimani. Taarifa ambayo mnara uliitumia kuchagua kasi imechakaa kabla ya kutumika, na hakuna namna ya kuizuia isichakae. Marudio yanayounganishwa hurekebisha kosa hilo la kukadiria baada ya tukio: hali ikiwa njema fungu linapita kwa mara moja, ikiwa mbaya linaongezewa kiasi kilichopungua na si zaidi. Ndiyo maana nasema marudio ni usukani wa kasi, na mtandao unaojivunia kutorudia unaendeshwa kwa hofu.

Sasa turudi kwa anayejibu.

Simu ya kawaida hutoa nguvu isiyozidi wati 0.2 inapozungumza na mnara wa 4G. Mnara mkubwa hutoa makumi ya wati. Kwa hiyo kuna eneo pana, kando kabisa ya seli, ambako sauti ya mnara inafika vizuri ilhali sauti ya simu hairudi. Vijiti vya mtandao kwenye skrini havikwambii hilo, maana vinapima kile ambacho simu inasikia; havijui kama mnara unaisikia simu. Mtu wa kijiji kilicho nyuma ya kilima anapokwambia "mtandao upo lakini haushiki", amelieleza tatizo kwa usahihi kuliko ramani za ueneaji zinazobandikwa kwenye tovuti.

Na jibu likififia, si makosa yote yana uzito mmoja. Simu ikisema "nimepata" na mnara ukasikia "sijapata", hasara ni kurudia mara moja bure. Ikisema "sijapata" na mnara ukasikia "nimepata", mnara unalifuta fungu na kusonga mbele, na kunabaki tundu ambalo hakuna anayelijua kwa wakati huo. Kisha lipo la tatu, kimya. Kabla ya kutuma data mnara huiarifu simu: kaa tayari, fungu lako linakuja mahali fulani. Simu isipoisikia arifa hiyo, haina habari kwamba ilitumiwa chochote, wala haina sababu ya kujibu. Mnara unaosubiri jibu unasikia kelele tupu za hewani, na kazi yake ngumu ni kutozipa kelele hizo maana ya "naam". Viwango vya kimataifa vimelitambua hilo. Uwezekano wa "sijapata" kusikika kama "nimepata" unatakiwa usizidi moja kati ya elfu, ilhali kosa la kulikosa "nimepata" linavumiliwa hadi moja kati ya mia. Mizani imeegemezwa makusudi upande wa kurudia bure.

Moja kati ya elfu inaonekana ndogo. Hesabu: fungu moja kati ya kumi linaharibika, na moja kati ya elfu ya malalamiko hayo linasikika vibaya, basi tundu moja linabaki katika kila mafungu elfu kumi. Kwa sauti ya mazungumzo hakuna atakayegundua. Kwa mtu anayeshusha faili kwa kasi kubwa ni balaa, kwa sababu itifaki za intaneti hupunguza mwendo kila zinapoona tundu. Mtu anaweza kusema tuiimarishe biti ya jibu mara kumi au mia. Inawezekana, kwa kuipa nguvu zaidi au muda zaidi, lakini gharama hiyo ingelipwa na kila simu, kila milisekunde, hata pale mambo yanapokwenda vizuri, na ingelipwa kutoka kwenye zile wati 0.2.

Suluhisho lililochaguliwa napenda kulieleza kwa sababu linakwenda kinyume na silika ya mtu anayependa usafi. Badala ya karani mmoja asiyekosea, wameajiriwa wawili wanaokosea kwa namna tofauti. Wa chini ni mwepesi: anajibu kwa biti moja, kila mara, bila kinga kubwa. Wa juu yake ni mzito: anavipa vipande vya data nambari za mfuatano, na mara mojamoja tu huleta orodha kamili ya vilivyofika na visivyofika. Orodha hiyo ina biti za kujikagua na inasafirishwa kama data yenyewe, kwa hiyo nayo ikiharibika inarudiwa. Tundu lililoachwa na wa kwanza linazibwa na wa pili. Watu wawili wa bei nafuu wamefanya kazi ambayo mmoja wa bei ghali angeifanya kwa hasara. Kwa simu iliyo mbali sana, 4G iliongeza hila nyingine: simu hutuma fungu lake mara nne mfululizo bila kungoja kuambiwa, kisha ndipo husubiri jibu moja kwa yote manne.

Ugumu wa 5G umetoka mahali pengine. Sehemu kubwa ya masafa yake, hasa yale ya kuzunguka gigahezi 3.5, hutumiwa kwa zamu: muda fulani ni wa kushuka, muda fulani wa kupanda, kwenye mkondo mmoja. Kwa kuwa watu wanashusha kuliko wanavyopandisha, zamu za kupanda ni chache, na majibu yanapanga foleni kuzisubiri. 4G ya zamu ilishaonja shida hiyo. Katika mojawapo ya mipangilio yake, zamu moja ya kupanda ililazimika kujibia zamu tisa za kushuka. Njia rahisi ni kuunganisha majibu: tisa yote yakifika, simu inasema "nimepata" mara moja, likikosekana hata moja, inasema "sijapata" kwa yote. Lakini kama kila fungu lina nafasi ya asilimia 90 ya kufika na makosa hayategemeani, nafasi ya yote tisa kufika salama ni asilimia 39 tu. Zaidi ya nusu ya safari mnara utarudia hata mafungu manane yaliyofika vizuri, au itabidi upunguze kasi hadi makosa yawe nadra, na hapo umeshaitupa faida ya yale maandazi yanayobaki.

Njia nyingine ni kupeleka orodha ya majibu, biti kwa kila fungu. Simu iorodheshe nini, sasa? Ikiorodhesha kila nafasi ambayo ingeweza kupokea kitu, hata kama haikutumiwa, mnara hautachanganyikiwa kamwe, ila biti nyingi zitasema habari ya hewa tupu. Ikiorodhesha yale tu iliyotumiwa, orodha inakuwa fupi, lakini arifa moja ikipotea njiani simu itaandika orodha yenye majibu matatu huku mnara ukitarajia manne, na kila jibu litasomwa mahali pa jirani yake. Dawa yake ni ya kikarani kabisa: kila arifa hubeba nambari ya mfuatano. Simu iliyoona ya kwanza, ya pili na ya nne inajua ya tatu imeipita, inaandika "sijapata" mahali pake. Nambari hiyo ina biti mbili tu, hivyo ikifika nne huanza upya, na arifa nne zikipotea kwa mfululizo hesabu inaonekana sawa kumbe si sawa. Wahandisi wamelikubali hilo kwa kuwa ni nadra. Nami naona wamefanya vyema, maana ulinzi dhidi ya jambo nadra kiasi hicho ungelipiwa na arifa zote.

Wi-Fi ya nyumbani ilipita njia hiyohiyo kwa haraka zaidi. Mwanzoni kila fremu ilijibiwa peke yake baada ya mikrosekunde 10 katika mkanda wa gigahezi 2.4. Kasi ilipokua, muda wa kujibu ukawa mrefu kuliko data yenyewe, na ikabidi fremu zijibiwe kwa mkupuo, 64 kwa pamoja, baadaye 256.

Upande wa data inayopanda, 5G imefanya jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko mengine yote. 4G ilikuwa na mkondo maalumu wa mnara kuijibu simu. 5G iliufuta. Mnara hausemi tena "nimepata". Unatoa amri inayofuata, na ndani ya amri hiyo kuna biti inayogeuka kama kazi ni mpya au inabaki ilivyokuwa kama ni kurudia. Mama aliyemtuma mtoto chumvi hamwambii "nimeipokea". Anamtuma maji, na mtoto anajua ya chumvi yamekwisha.

Kuna pia njia ya kurudia vipande badala ya fungu zima. Fungu kubwa la 5G hukatwa vipande vingi, kila kimoja na biti zake za kujikagua, na simu inaweza kujibu kwa hadi biti nane, ili lirudiwe kundi lililoharibika peke yake. Ina faida pale ambapo ujumbe wa dharura wa mtu mwingine umepenya na kukanyaga sehemu ndogo ya fungu. Mawimbi yakififia kwa jumla, vipande vyote vinaumia kwa pamoja, na biti nane za jibu zinasema kitu kilekile mara nane.

Hadi hapa tumekaa kati ya simu na mnara. Juu yake kuna watu wengine wanaojibu, na hawajuani. Oktoba 1986 njia iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, majengo yaliyo umbali usiofika mita 400, ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zikirudia kutuma zilichodhani kimepotea, marudio yakaiziba njia, njia iliyozibwa ikapoteza zaidi. Van Jacobson alichapisha tiba mwaka 1988: pakiti ikipotea, chukulia kuwa njia imejaa, punguza mwendo. Tiba hiyo iliinusuru intaneti, na itifaki ya TCP ikaibeba kila mahali, hata hewani, ambako pakiti hupotea kwa sababu mtu ameingia kwenye lifti. Mwaka 1995 watafiti wa Berkeley, Hari Balakrishnan akiwa mmoja wao, walijaribu kuweka mtu wa kusikiliza katikati: kituo cha redio kilihifadhi nakala za pakiti, kikazirudia chenyewe na kuyazuia malalamiko yasifike kwa mtumaji. Mitandao ya simu iliufuata mwelekeo huo kwa njia yake. Makarani wetu wawili huficha karibu upotevu wote, na upotevu ukishafichwa hugeuka ucheleweshaji. Pakiti haipotei tena, inachelewa, na mara nyingi iliwafanya wenzake waliokwisha kufika wasubiri mlangoni mpaka foleni ikamilike. 5G imelegeza kidogo: karani wa redio halazimiki tena kupanga mstari, kazi hiyo imepelekwa tabaka la juu yake.

Marudio haya nani anayalipa? Bando lako huhesabiwa kwenye lango la mtandao, huko ndani, kabla data haijafika mnarani. Marudio ya hewani, yale ya mnara na simu, hayapiti langoni, kwa hiyo hayaligusi bando. Pakiti ambayo seva ya mbali imeirudia kwa kudhani imepotea hupita langoni mara mbili, na kwa kawaida huhesabiwa mara mbili. Mnara unaorudia kwa bidii unakuokolea shilingi; seva iliyokosa subira inakutoza.

Majibu ya TCP nayo yana uzito wake. Desturi ni jibu moja kwa kila pakiti mbili kubwa. Mtu anayeshusha data kwa gigabiti 1 kwa sekunde atapandisha majibu zaidi ya 41,000 kila sekunde, ambayo hata yakiwa ya baiti 40 tu ni megabiti 13 hivi kwa sekunde, kwenye ileile njia nyembamba ya kupanda. Modemu za kisasa huyapunguza: kwa kuwa jibu la mwisho la TCP hubeba maana ya yaliyotangulia, modemu inaweza kuyatupa ya zamani yaliyo kwenye foleni. QUIC, itifaki mpya iliyokamilishwa kuwa kiwango mwaka 2021, imeufunga mlango huo kwa sababu majibu yake yamefichwa kwa usimbaji, hakuna aliye katikati anayeweza kuyatambua. Imefidia kwa kitu cha thamani. Katika TCP, ukirudia pakiti kisha jibu likaja, hujui linajibu ya kwanza au ya pili, na kipimo chako cha muda kinaharibika. QUIC hairudii nambari ya pakiti kamwe. Data ileile ikitumwa tena hupewa nambari mpya, na kila jibu lina mwenyewe.

Busara hiyo ya nambari ingenisaidia siku moja nikiwa kwenye basi la kwenda Tanga, maeneo ya kukaribia Segera. Nilimtumia fundi shilingi 20,000 kwa programu ya simu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, skrini ikasema nijaribu tena. Nikajaribu. Basi lilipotoka kwenye bonde zikaingia meseji mbili, kila moja na nambari yake ya muamala. Agizo la kwanza lilikuwa limefika zamani; kilichopotea ni jibu. Mnara haukuwa na kosa, TCP haikuwa na kosa, wote walikuwa wamefanya kazi yao na kuthibitishiana. Aliyekosea ni mwandishi wa programu ambaye hakulipa agizo langu nambari kabla halijaondoka kwenye simu, ili seva ikiliona mara ya pili ilitambue kuwa ni lilelile. Fundi ni muungwana, alirudisha. Ila hakuna ufundi wa redio, hata uwe mzuri vipi, utakaoziba tundu lililoachwa juu yake.

Iko pia mipaka ambayo haizibiki kwa ufundi wowote, kwa sababu ni ya mwendo wa mwanga. Viwango vilivyokamilishwa mwaka 2022 vinairuhusu simu kuzungumza na setilaiti moja kwa moja kwa lugha ya 5G. Setilaiti inayoonekana kutulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Data ipande kutoka kituo cha ardhini, ishuke kwa simu, jibu lipande, lishuke: karibu nusu sekunde imekwenda. Kwa mafungu ya milisekunde moja mama lishe wetu angehitaji majiko kama mia tano, na kila jiko ni kumbukumbu ndani ya simu ya kuhifadhi kilichosikika nusu. Idadi ilipandishwa hadi 32, na hiyo inatosha kwa setilaiti za chini, zile za kilomita 600, ambazo safari yake nzima haizidi milisekunde 26 hivi. Kwa zile za juu viwango vinaruhusu jibu lizimwe kabisa. Simu hupokea na kunyamaza. Mnara hurudia mapema bila kuombwa, na karani mzito wa juu ndiye anayefuatilia matundu kwa mwendo wake wa taratibu.

Vifaa vidogo vya kupima vitu, vinavyotumia mtandao wa NB-IoT uliotoka mwaka 2016, vilishafika huko kwa sababu nyingine, ya unyonge wa betri na unene wa kuta. Mita ya maji iliyozikwa chini ya mfuniko wa chuma haina haja ya kasi. Mnara unaweza kuirudia neno moja hadi mara 2,048, na mita inayakusanya yote, nusu juu ya nusu, mpaka maana itoke kwenye kelele. Halafu inajibu kwa biti moja, na biti hiyo nayo inaweza kurudiwa hadi mara 128 kabla mita haijalala.